Andika Ulichokiona

Kidole cha Bubu kilikuwa kinaning'inia juu ya kibodi. Hakishuki, hakirudi. Mwalimu wa Kiswahili alikaa kiti cha jirani, anakitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Andika tu ulichokiona," alimwambia. "Usipambe. Ulichokiona, ulichokisikia, basi."

Kidole kikarudi mapajani.

Jina la Bubu hakupewa na wazazi. Alipewa na darasa, na sio kwa upendo. Zamani hakuna aliyemshinda kwa kuropoka. Halafu gari likampitia mdogo wake wa kiume kwenye barabara ya nyuma ya shule, jioni ya mvua, wametumwa mkaa. Dereva akakimbia. Aliyekuwepo ni huyu binti peke yake, na tangu siku hiyo hajatoa neno. Polisi walikuja na maswali, wakaondoka nayo. Daktari alisema koo zima kabisa. Mama yake alimbembeleza, akamchapa, akambembeleza tena, akaishia kulia yeye.

Mwalimu ndiye aliyekuja na wazo la blogu. Darasa lake lilikuwa nayo tayari: kila mtu anaandika habari yake, wenzake wanaichambua chini, hapa umenigusa, hapa umeboa.

"Labda vidole vitasema," alimwambia mama mtu.

Mama akamshika mikono yote miwili. "Mwalimu, wewe ni ndugu sasa. Mwanangu simrudishi, najua. Lakini huyo mtu yupo mahali anakula, analala. Nataka nimjue tu."

"Tutamjua, mama."

Basi ikawa kila baada ya masomo Bubu anabaki chumba cha kompyuta. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya madawati: dirisha moja, mashine chache, nyingine zimeshakufa, na feni inayopiga kelele bila kuleta upepo. Mama anasubiri kwenye benchi la nje.

Mwanzoni alitoa sentensi mojamoja. *Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa amevaa viatu vyangu.* Mwalimu alizipitisha palepale, na wenzake wakazivamia. Mchekeshaji wa darasa, yule wanayemwita Kipaza, akaandika chini: "Viatu vyako vile mashua? Dogo alikuwa anavaa au anapiga kasia?"

Bubu aliposoma, mabega yakatikisika. Mama aliyekuwa anachungulia mlangoni alidhani analia. Alikuwa anacheka.

Kipaza huyohuyo ndiye aliyeleta sheria. Wiki ya msiba, Bubu yuko nyumbani, jamaa alimwandika mwalimu mkuu na kitambi chake, shule nzima ikasoma kabla ya kengele ya chai. Tangu hapo, kila kitu kinapita kwanza kwa mwalimu, akikubali ndiyo kinatoka.

"Ticha, sasa hii ni blogu au forodha?" darasa lilimpigia kelele.

Bubu hakuwepo. Aliporudi, hakuna aliyekumbuka kumwambia. Nani anapiga stori na bubu?

Mwalimu mwenyewe alikuwa anakonda. Kola ya shati inacheza shingoni. Siku ya mazishi alibeba jeneza tangu mlangoni hadi makaburini, wanaume wakitaka kumpokea anakataa. "Huu msiba umemwingia kuliko sisi wenye mtoto," mama aliwaambia majirani.

Na leo mama alikuja macho yamevimba. Afande alikuwa amempigia simu asubuhi: bila shahidi, wanafunga faili.

"Leo aandike, mwalimu," alisema. "Leo, au basi tena."

"Niachie mimi. Kakae nje, upumzike."

Mama alipotoka, mwalimu akahamia meza yake, akampa binti mgongo. Kwa muda ikawa feni tu. Halafu kibodi ikaanza. Polepole, kisha mbio, kisha kama mtu anapigana nayo. Mwalimu hakugeuka. Alikuwa amekamata ukingo wa meza.

Bubu akabonyeza Tuma. Akasimama. Akamtazama mwalimu machoni, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamtazama sana, halafu akatoka kwa mama yake.

Mwalimu akafungua.

*Mvua ilikuwa kubwa na gari halikuwasha taa. Mdogo wangu alirushwa mtaroni. Mimi nilikuwa nyuma, nimeinama naokota mkaa uliomwagika, dereva hakuniona. Alishuka. Alipiga magoti kwenye maji, akamshika shingo. Mdogo wangu alikuwa bado anapumua, nilimsikia. Dereva akasema Mungu wangu, nimefanya nini. Akainuka, akaondoka. Mdogo wangu alikufa baadaye, mimi nimemshika.*

*Ile sauti naijua. Ndiyo inayoita majina yetu kila asubuhi.*

*Mwalimu, niliogopa kukuambia tukiwa wawili. Ndiyo maana nimekuandika hapa, mbele ya watu wote. Sasa wote wanasoma. Huwezi kunifanya kitu.*

Chini yake kulikuwa na vitufe viwili. Chapisha. Futa.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mama, simu mkononi, anahema.

"Mwalimu! Ananivuta mkono, ananionyesha blogu, anataka nisome. Mbona sioni kitu?"

Mwalimu aliondoa mkono kwenye kipanya. Skrini ilikuwa nyeupe.

"Hajaandika, mama," alisema. "Mlete kesho mapema, kabla wenzake hawajafika."