Jiwe la Mpumbavu

Sikudhani alipanda njia ya bondeni bila kupumzika, apaone mahali alipoanguka mwanawe mwaka uliopita. Wageni wenzake hawakumjua, wala kijana aliyewaongoza hakumjua.

Kwenye maporomoko ya maji, kiongozi alionyesha jiwe lenye utelezi lililochomoza juu ya korongo.

"Hili tunaliita Jiwe la Mpumbavu," alisema. "Jamaa mmoja alipanda hapa apigwe picha na mchumba wake, akateleza. Huko hewani alikuwa anaita mama, na ndevu zake zote."

Wageni wakacheka. Polisi walikuwa wamemhakikishia Sikudhani kwamba mwanawe hakupata hata muda wa kuogopa.

"Aliita sana?" aliuliza.

Kiongozi alifurahi kuona mtu mzima amependa hadithi yake. "Mpaka chini kabisa, mama. Nilikuwa hapahapa, nilimsikia."

Kisha akawapanga wote mbele ya jiwe wapigwe picha, akamsogeza Sikudhani katikati kwa upole.

"Mama, tabasamu kidogo," alisema huku ameinua simu.

Sikudhani akaonyesha meno, na mwanamke aliyesimama kando yake akamshika mkono asiteleze.