Mkono Uliokuja na Tableti

Siku hizi tableti ya kwanza ya kuchorea huuzwa ikiwa imehifadhi ndani yake mkono wa mchoraji aliyeitumia kabla yako, nao hukuongoza mpaka wako ukomae. Kwa hiyo Msellem alipokwenda kuchagua yake, mkewe Raya alifuatana naye dukani. Mkono wa mtu si kitu cha kuingizwa nyumbani ovyo ovyo.

Ya kwanza aliyoijaribu ilichora farasi tu. Ya pili, Msellem alipoigusa kwa kalamu, ikatoa uso wa mwanamke mwenye macho ya usingizi na kidoa cheusi shavuni.

"Nani huyu?" Raya akauliza.

"Mke wa mwenye mkono, labda," muuzaji akasema. "Mkono haumsahau uliyempenda."

"Tuchukue ile ya farasi, Baba Ilham."

"Hii ndiyo nyepesi, mke wangu. Unaionea wivu picha?"

Wakaichukua hiyo ya pili. Nyumbani, Msellem alianza kuchora birika, akaanza paka, vyote vikaishia kuwa yule mwanamke. Wivu ukamkaa Raya kooni kama mwiba wa samaki. Mwishowe akajifunga kanga mpya, akaketi mbele ya mumewe.

"Haya, nichore mimi."

Safari hii akatoka Raya mwenyewe, pua yake, midomo yake, ila na kidoa kile kile shavuni.

"Nimekupatia!" Msellem akafurahi.

"Mimi sina kidoa."

Msellem akaitazama picha, akamtazama yeye. Kisha akampapasa shavu kwa kidole gumba, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichofutika.