Gramu Mia Saba

Afisa mgeni aliingia uani kwa Mama Tusekile bila taarifa, mizani mkononi. Sheria ilitaka kila mwananguruwe aliyezaliwa chini ya kilo moja achukuliwe siku hiyohiyo.

"Huyu ana gramu mia saba, mama. Hataishi."

"Ataishi, mwanangu. Nimemkamulia dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, nimempasha joto kifuani."

"Ukimbakiza, baada ya hawa hutaruhusiwa kufuga tena."

"Nilimwahidi mama yake kwamba wote watanyonya."

Afisa akacheka. "Umemwahidi nguruwe?"

"Ndiye aliyekuwa na uchungu."

Afisa akafuta kibali cha mama huyo cha kufuga, kisha akamtazama binti yake, Tusekile, aliyesimama mlangoni na mimba yake kubwa. "Na wako ameshapimwa, dada?"

Mama Tusekile akapiga magoti bandani, akawasogeza wakubwa, akamweka mdogo kwenye chuchu ya mbele, yenye maziwa mengi.