Jina Kabla ya Fumbo

"...zima, Da Salha! Zima hiyo nyimbo, tumekwisha!" Nuru, bibi harusi wa kesho, alisukuma mlango kwa kiwiko, hina mbichi mikononi.

"Nizime nini? Haitoi sauti hata chembe!" Salha, mwimbaji wa taarabu wa harusi hiyo, alishahangaika na simu nusu saa: kachomoa hedifoni, kachomeka, kaifunga programu ya muziki, kaifungua, mwisho kapandisha sauti mpaka juu kabisa.

"Kimya kwako! Inalia uani, kwenye ile spika isiyo na waya uliyoijaribu asubuhi. Na mama mkwe wangu, Bi Rukia, yuko uani!"

Wee! Mpasho wenyewe, aliojirekodi Salha kwa majaribio, ulikuwa bado mbichi, na yeye huimba kwanza jina la mtu waziwazi, fumbo hulitafuta baadaye. *Bi Rukia, harusini kwako ulitorokea dirishani...* Hapo kesho kuna harusi tena?

Mara Bi Rukia huyo mlangoni, kaipakata spika kama kichanga, nayo bado inaimba.

"Nani kakwambia dirishani, mwanangu?" akauliza taratibu. "Nilipitia mlango wa jikoni. Na sikuwa peke yangu. Kesho, kabla ndoa haijafungwa, njoo nikupe yaliyobaki, uyaimbe."