Shikamoo ya Mama Zulfa

Asubuhi na jioni, Mama Zulfa husimama kando ya kitanda cha bintiye, akauvuta ule mkono unaojificha ndani ya shuka, akaubusu na kusema, "Shikamoo."

"Marahaba," Zulfa hujibu, uso kaugeuzia ukutani kwa aibu.

Hapo kidude cha bima kilichopachikwa juu ya mlango hulia tii, kikaridhika.

Bima ya nyongeza, ile inayolipia kusafishwa damu, ni ya wazee tu. Kijana mwenye figo mbovu huruhusiwa kuandikishwa kama mzee, mradi nyumba nzima imwamkie kama mzee. Kumwamkia mtoto uliyemzaa mwenyewe! Kila mara kinyaa humpanda Mama Zulfa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji. Akavumilia, maana alishapimwa, na figo yake moja ilimfaa Zulfa. Upuuzi huu ungekwisha.

Leo jioni ofisa wa bima alipiga simu, sauti yake ikasikika hadi chumbani. "Mama, ombi lenu limekataliwa. Wazee hawapandikizwi figo."

"Mzee gani? Ana miaka ishirini na sita!"

"Kwetu sisi ni bibi wa miaka sabini. Ukitaka tumrudishie ujana wake, sawa, ila kusafishwa damu kutasimama leo hii."

Mama Zulfa alikata simu, akatema mate dirishani. Kidude kilikuwa kimeanza kupiga kelele: bibi hajaamkiwa.

Akaingia chumbani. Zulfa alikuwa amesikia kila neno. Mkono wake ulikuwa tayari nje ya shuka, umenyooshwa, unasubiri kubusiwa.