Mgonjwa wa Mtaa wa Tarcoola

Bakuli la tano la nyama na viazi lilifika mlangoni kwa Merv Pascoe Jumatano mchana, na friji ilikuwa imeshajaa pomoni. Alilipokea, akashukuru, akalibananisha mezani kati ya keki ya nazi na mkate wa ndizi. Miaka kumi na moja tangu amzike mkewe, hakuna jirani aliyewahi kumgongea, labda awe amekuja kumlalamikia mbwa. Sasa hata mbwa alikuwa na watu wa kumtembeza.

Yote yalianzia kwenye mapipa ya taka. Wiki tatu nyuma, akiburuta lake hadi barabarani, Merv alimtajia Noelene wa nyumba ya pili kwamba daktari ameitazama damu yake akaguna, na sasa anataka kumtoboa nyonga achunguze uboho, maana huenda ni saratani ya damu. Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia mvua. Noelene aliliachia pipa lake, akamkumbatia palepale. Kabla ya chakula cha jioni, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Mtaa wenyewe uko pembezoni mwa Adelaide, nyumba thelathini na nane zilizojipanga chini ya nyaya za umeme mkubwa. Siku za ukungu nyaya hunguruma, na watu hufunga madirisha. Noelene alikuwa akipambana nazo kwa miaka minne, tangu dada yake afariki kwa saratani. Alitaka serikali iwahamishe wote na kuwalipa nyumba zao, kwa sababu hakuna mnunuzi aliyekuja, akatazama juu, kisha akarudi mara ya pili. Wizara ya afya ilimjibu kwa heshima zote kwamba wagonjwa sita wa saratani katika mtaa mmoja ni bahati mbaya, hawajafikia idadi ya kuitwa kitu kingine.

Merv alikuwa akimcheka Noelene na wenzake. Katika mkutano mmoja alisimama na kusema kwamba kama nyaya ndizo zinazoua, basi sigara zake zitaona wivu. Tangu siku hiyo hata salamu zilikauka.

Lakini sasa hakuna aliyemkumbusha hayo. Col, fundi bomba wa nyumba ya mkabala, alimkatia nyasi mbele na nyuma. Kerrin, mama mwenye binti wa miaka minne, alimpeleka hospitali kwa gari lake na kumsubiri saa tatu nzima alipokuwa akitobolewa. Naye Noelene alikuja kila alasiri na daftari, akaketi jikoni, akamuuliza uchovu ulianza lini na jasho humtoka mara ngapi.

"Kichwa unakilaza upande gani, Mzee Merv? Upande wa nyaya?"

"Upande wa televisheni, mama."

Hakucheka. Aliandika, akafunga daftari, akamshika mkono. "Hujui una maana gani kwetu," akasema. "Tuko na wewe mpaka mwisho."

Alipoondoka, Merv alikaa peke yake akalia kama mtoto. Tangu mkewe afe hakuwa ameona tofauti kubwa kati ya kuishi na kutoishi, na alipoambiwa habari za uboho alishangaa tu jinsi asivyojali. Sasa alikuwa akijali mno. Alitaka kupona. Alitaka Krismasi ikifika awaite wote uani kwake, awachomee kamba wa baharini, amwombe Col msamaha kwa maneno ya siku ile ya mkutano. Kwa mara ya kwanza katika ugonjwa huu, aliogopa kufa.

Ijumaa aliwakatalia wote waliotaka kumsindikiza, akapanda basi kwenda kuchukua majibu. Daktari alimkalisha chini, akamwambia hana saratani. Alikuwa na upungufu wa vitamini, tena mbaya, uliotokana na kula mkate na chai miaka nenda rudi. Kwenye vipimo vya damu, upungufu huo ungeweza kumdanganya daktari yeyote. Sindano chache, chakula cha maana, na ataishi hadi achoke mwenyewe. Merv alimwomba arudie. Daktari akarudia, akamwandikia na karatasi.

Njiani alishuka kununua soseji kilo tatu. Alipokata kona ya mtaa wake, akawaona. Walikuwa kama ishirini hivi, wamesimama mbele ya nyumba yake wakimngoja, Noelene mbele yao, wengine wameshikana mikono. Hakuwahi kungojwa na watu wengi hivyo maishani mwake, hata siku ya harusi.

Akainua karatasi juu. "Sina," akasema, na sauti ikamkatika. "Ni vitamini tu. Nitaishi."

Col akatazama viatu vyake. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama madaktari hawawezi kukosea, na mwingine akasema bora apimwe tena mahali pengine. Merv akacheka kidogo, akidhani ni utani, akawaonyesha soseji.

Noelene aliichukua ile karatasi, akaisoma yote mpaka kwenye sahihi, akamrudishia.

"Basi bado ni sita," akasema.

Kisha akamgeukia Kerrin, aliyekuwa amembeba bintiye. "Na kile kivimbe cha shingoni mwa mtoto, mama? Hakijapungua bado?"

"Kimekua," Kerrin akasema, akimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi.

Umati wote ukamgeukia yule mtoto, na Merv akaona upendo ukirudi kwenye nyuso zao.