Profesa Nyani na Daraja la Dubu

Dubu kutoka China walijenga daraja mtoni, na Profesa Nyani akaandika kitabu kizima kuthibitisha kwamba hakuna mnyama atakayelitumia. Siku moja akamkuta Swala akianza kuvuka na kapu la karanga.

"Rudi ulikotoka," Nyani akamwambia. "Utafiti wangu unasema hakuna anayepita hapa."

"Lakini mimi hupita kila siku ya soko, Profesa."

"Basi wewe ni kosa la takwimu."

Mara upepo ukaleta moto wa nyika nyuma yao. Nyani akamsukuma Swala, karanga zikamwagika mtoni, naye Nyani akatimua mbio darajani hadi ng'ambo.

Swala alipomfikia akamwuliza, "Sasa kitabu utakisahihisha?"

"Kwa lipi?" Nyani akajibu huku akihema. "Mimi sikupita. Nilikuwa nakagua."